Barabara Ndiyo Ipande

Kapseret, kupitia Eldoret
9 Machi 1969

Kwa shemeji Johnstone Ondiek,

Huku tumeamka, ng'ombe wamekamuliwa na hakuna mgonjwa. Natumaini na ninyi huko Voi mmeamka hivyo hivyo, ingawa dada yangu Nyakio aliniandikia kwamba jua la huko linampiga mtu mpaka anasahau jina lake. Mwambie mahindi yalitoka vizuri, na kile kiduka changu kinauza chumvi na mafuta ya taa kuliko vitu vingine vyote. Mama ni mzima. Anakula vizuri, na bado anaamini hakuna mtu hapa duniani anayejua kupalilia ila yeye.

Sasa niingie kwa jambo lenyewe. Unajua hili shamba la mzungu tulilinunua watu wengi kwa kampuni, tukagawana. Mzungu alikuwa na barabara yake moja tu, kutoka mlangoni kwake kwenda njia kuu. Wengi wetu tumeangukia ng'ambo ya pili, na katikati kuna bonde lenye kijito. Kiangazi unakiruka bila kuinua sketi. Mvua ikinyesha, panakuwa tope la kumeza ng'ombe. Kiwanda cha maziwa kimesema lori litakuja mpaka kwetu tukiwa na barabara ya kupitika mwaka mzima. Bila hiyo tutaendelea kubeba mitungi mgongoni mpaka njia kuu, na nusu ya maziwa yatazidi kurudishwa yamechacha.

Nimechaguliwa kwa kamiti ya barabara. Nafikiri walinichagua kwa sababu nilipiga kelele, wakadhani nikipewa kazi nitanyamaza. Mzungu aliacha kalvati nyuma ya zizi, yale mabomba makubwa ya saruji ya kupitisha maji chini ya barabara, rundo zima. Mwenyekiti wetu, Mzee Kiarie, anasema ni kuyalaza bondeni na kuyafunika udongo shibiri moja, basi. Nikamwambia hajawahi kulaza kalvati hata moja. Akaniambia na wewe pia. Hapo alisema kweli.

Lakini mimi nina shemeji ovasia, msimamizi wa barabara za serikali, na yeye hana. Niambie, mabomba haya yazikwe chini kiasi gani? Mvua ya masika haingoji barua, kwa hivyo jibu upesi.

Mimi shemeji yako,
Njambi

*

Kambi ya Barabara, Voi
30 Machi 1969

Kwa shemeji Njambi,

Barua yako ilinifikia ikiwa na tope la Kapseret kwenye bahasha, nami nikafurahi kama mtu aliyetembelewa. Sisi ni wazima. Benta wetu ameanza kutembea na sasa hakuna sufuria inayokaa mahali pake. Nyakio anakusalimu na kusema umtumie mbegu za maboga ukipata mtu wa kuja huku. Pokea salamu zangu na uwape wote walio hapo nyumbani.

Jibu la swali lako ni rahisi. Shibiri moja haitoshi. Saruji ni ngumu lakini haijui kujikunja. Gurudumu la lori lililojaa likipita karibu na mgongo wa bomba, uzito wote unaangukia mahali pamoja na bomba linapasuka. Udongo ukiwa mwingi juu yake, na umeshindiliwa vizuri, ule uzito unatawanyika kabla ya kufika chini. Kwa lori la maziwa, msipungue futi mbili kutoka mgongo wa bomba mpaka uso wa barabara.

Kwa hivyo chimbeni. Kama mabomba yenu yana mdomo wa futi mbili, mtaro uwe na kina cha futi nne. Lainisheni chini kwa changarawe, jiwe lolote kubwa litolewe, halafu mlaze bomba baada ya bomba na kuziba maungio kwa simiti. Kwa njia hii nimelaza kalvati nyingi kutoka hapa mpaka karibu na Taveta, na magari yanapita juu.

Mwonyeshe Mzee Kiarie barua hii kwa heshima. Usimpige nayo.

Ndimi,
J. Ondiek

*

Kapseret
27 Aprili 1969

Shemeji,

Tuko wazima na tumelowa. Mbegu za maboga nimempa mwalimu mmoja anayekwenda Mombasa, ataziacha stesheni ya Voi kwa jina lako. Mama alizichagua mwenyewe, moja moja. Hakusema ni za nani, nami sikusema.

Umesalimia wote walio hapo nyumbani. Hapa nyumbani tuko wawili. Mmoja ni mimi, na mwingine ni Mama, ambaye hukumtaja.

Sasa barabara. Nilisoma barua yako mbele ya kamiti, na watu wakakubali, hata Kiarie hakupinga. Wanaume wakachimba, wanawake tukabeba changarawe kwa karai kutoka kwa machimbo ya mzungu. Futi nne, kama ulivyosema. Tukalaza mabomba sita, tukaziba, tukafunika. Ilikuwa kazi safi, shemeji, ungeipenda.

Halafu mvua ikanyesha. Maji yakaingia upande wa juu yakakaa humo. Upande wa chini ni shamba la Kipyego, jirani yetu Mnandi, na ardhi yake pale ni tambarare kama meza. Mdomo wa bomba ulikuwa chini ya shamba lake, ukitazama ukuta wa udongo. Maji yangetokea wapi? Baada ya wiki moja mabomba yalijaa tope mpaka juu, na kijito kikapita juu ya barabara kama zamani. Kipyego alikuja akasimama ukingoni, akatazama kwa muda mrefu, akauliza, "Nani aliwaambia maji yanapanda?"

Kiarie alicheka mpaka akashika mti. Alisema, "Njambi, hiyo ya shemeji yako si kalvati, ni kaburi."

Wameyafukua. Wameyainua mpaka maji yanapita, na sasa Kiarie anayafunika kwa shibiri yake. Shemeji, uliniambia jibu ni rahisi. Halikuwa rahisi. Fikiria tena.

Njambi

*

Kambi ya Barabara, Voi
18 Mei 1969

Kwa shemeji Njambi,

Mbegu zilifika na zimeshaota. Benta ana jino jipya na hasira mpya. Nyakio alisoma barua yako kabla yangu, na nilipoingia nyumbani alikuwa bado anacheka lile la kaburi, kwa hivyo nimeshaadhibiwa.

Nilikosea kukujibu kabla sijakuuliza ardhi ikoje. Huku barabara zetu zinakata vilima, na upande wa chini kuna mteremko wa kutosha, maji yanajitafutia njia. Kwenu ni bonde tambarare. Sasa nisikilize vizuri, maana safari hii najua ninalosema.

Mahali pa kulaza bomba panaamuliwa na maji. Sehemu ya chini ya bomba ikae sawa na sakafu ya kijito, ikiteremka kidogo tu kuelekea kwa Kipyego. Isiwe chini zaidi, itajaa tope. Isiwe juu zaidi, maji yatachimba pembeni. Hapo hamna uhuru. Na udongo wa juu ya bomba unaamuliwa na lori. Ni futi mbili, hapo pia hamna uhuru. Kama bomba haliwezi kushuka na udongo hauwezi kupungua, kilichobaki kusogea ni kimoja. Barabara ndiyo ipande.

Mnafikiria kuzika bomba chini ya barabara. Mimi nataka mlaze bomba mahali pake, halafu mjenge barabara juu yake. Anzeni mbali, pande zote mbili, mpandishe tuta polepole mpaka katikati, ili dereva asihisi kama anapanda ukuta. Jengeni kuta za mawe kwenye midomo yote miwili ili tuta lisimomonyoke.

Shibiri ya Kiarie haitashika. Mwambie asiruhusu gari lolote zito.

Ningependa kupaona mwenyewe. Livu yangu ya kazi, likizo, ni Agosti. Nikialikwa nitakuja.

J. Ondiek

*

Kapseret
15 Juni 1969

Shemeji,

Ng'ombe wangu mwekundu amezaa ndama jike. Mama amepata mafua na amepona, kwa hasira tu, hakukubali dawa.

Barua yako niliipeleka kwa Kiarie, naye akasema, "Ya kwanza ilitupa kaburi, ya pili inataka tujenge mlima." Watu walikuwa wamechoka kuchimba. Nikashindwa. Na kiwanda kilikuwa kimeshapanga siku ya kujaribu barabara.

Lori lilikuja Jumanne. Watu walivaa nguo za kanisani. Mitungi ilipangwa upande wetu, imesuguliwa inang'aa. Dereva, kijana mmoja anaitwa Wanyonyi, alisimama kabla ya bonde akashuka kutazama. Akauliza, "Hapa chini kuna nini?" Kiarie akamwambia, "Kuna kalvati. Pita."

Kuja alipita, maana hakuwa na mzigo. Tukapiga makofi. Tukapakia maziwa ya watu wote, akageuka kurudi. Gurudumu la nyuma lilipofika katikati tulisikia mlio kama wa chungu kikivunjika, na lori likakaa chini upande mmoja kama ng'ombe aliyechoka. Mitungi iliteleza, mingi ikafunguka. Kijito chote kilikuwa cheupe mpaka kwa Kipyego. Mama Macharia, ambaye ana ng'ombe mmoja tu, alisimama akitazama maziwa yake yakienda, na hilo lilinichoma kuliko kama angelia.

Wanyonyi hakuumia. Lakini kiwanda kimesema hakitatuma gari tena mpaka mtu anayejua kazi aikague barabara na kuandika kwamba ni salama.

Kwa hivyo ninakualika. Mimi Njambi ndiye ninayekualika, nyumbani kwangu, kwenye shamba lililo kwa jina langu. Kuja Agosti.

Njambi

*

Kapseret
14 Septemba 1969

Shemeji Johnstone,

Sijui kama barua yangu ya Juni ilifika. Agosti imekuja ikapita. Nilitandika kitanda, nikakitandua.

Najua mwezi wa saba kulitokea nini Nairobi. Tangu yule waziri wa kwenu apigwe risasi mchana mtaani, watu wa kwetu na wa kwenu Wajaluo hawatazamani usoni. Pale mtaa wa West Indies mjini Eldoret, majirani waliokuwa wakiazimana jiko sasa wanafunga milango. Sikuweza kuandika wakati ule. Nilianza mara kadhaa, na kila nilichoandika kilionekana kidogo mno.

Ngoja nikuambie mwenyewe kabla hujasikia kwa mwingine. Mwezi uliopita lori lilikuja hapa kuchukua watu wetu kuwapeleka mkoa wa Central kunywa chai. Ndivyo wanavyosema, chai. Ni kiapo, nawe umeshasikia ni cha kuwazuia akina nani wasitawale. Siku hiyo nilifunga duka nikaenda kwa Kipyego kutazama ndama wake, na nikamtazama huyo ndama mpaka jioni.

Mama alikwenda. Alirudi amechoka, akalala, akaamka, akaenda kupalilia.

Nyakio yuko salama? Huko Voi mnaishi vizuri na watu? Niandikie hata mstari mmoja. Ya barabara tuyaache.

Njambi

*

Voi
5 Oktoba 1969

Shemeji Njambi,

Tuko salama. Kambini tumechanganyika watu wa kila mahali, na hapa kazi ni nyingi kuliko maneno. Nyakio ana mimba, mtoto atazaliwa karibu na Machi. Amekonda kidogo. Haulizi habari za nyumbani, na mimi ninajua maana ya kutouliza kwake.

Barua ya Juni nilipata. Agosti nilipanda treni. Nilifika Nakuru ambapo njia zinaachana, moja ya Kisumu, moja ya Eldoret. Nilikuwa na tiketi ya Eldoret mfukoni. Mtu mmoja kwenye behewa aliniuliza jina, nikamwambia, na watu wakasogea. Nilishuka nikakaa kwenye benchi. Treni ya kuja kwenu ikaondoka. Nikapanda ile ya Kisumu, nikaenda kwa mama yangu.

Umesema tuyaache ya barabara. Mimi sitaki tuyaache, maana hayo ndiyo ninayoweza kuyanyoosha. Kijito kikikauka Desemba, toeni mabomba yaliyopasuka, wekeni mengine kutoka kwa lile rundo. Msije mkaziba nyufa kwa simiti mkadhani limepona. Bomba likipasuka limekufa. Shindilieni udongo pembeni kwanza, pande zote mbili kwa zamu, ili bomba lisisukumwe. Tabaka moja, shindilia, tabaka lingine, shindilia. Msimwage karai zote mara moja.

Unaweza kufanya haya bila mimi. Nina hakika.

Ondiek

*

Kapseret
30 Novemba 1969

Shemeji,

Tulisikia watu walivyopigwa risasi Kisumu mwezi uliopita. Mama yako na watu wako wote wazima? Naomba jibu la hilo kwanza kabla ya mengine yote.

Ile ya mimba nilimwambia Mama wakati tunapukuchua mahindi. Mikono yake ilisimama. Kisha ikaendelea. Jioni akaniuliza, "Anakula?" Nikasema umeandika amekonda. Hakulala vizuri usiku ule, nilimsikia.

Sasa nikuambie juu ya mkutano. Jumamosi iliyopita kamiti iliita wanachama wote, na Kipyego pia, maana maji yanaishia kwake. Nilisimama nikasema njia ya kupata lori ni moja, ni kuinua barabara, na anayejua kuisimamia na kuandika kwamba ni salama ni mume wa dada yangu.

Kiarie akasema, "Njambi, nyakati hizi, mimi nimlete Mjaluo ndani ya shamba letu? Baada ya kunywa tuliyokunywa?"

Watu wengi waliinama. Nilikuwa na maneno tayari, unanijua. Lakini Mama alisimama nyuma, na jembe lake, alikuwa ametoka shambani moja kwa moja.

Akasema, "Mimi nilikwenda kunywa hiyo chai, na ninyi mliniona nikipanda lori. Niliapa kulinda nyumba yangu. Nyakio ni nyumba yangu. Na mtoto aliye tumboni ni nyumba yangu. Na mume wake ana jina, anaitwa Johnstone. Mkitaka kumtaja, mtajeni hivyo."

Kiarie akamwambia kwa upole, "Mama Warigia, hiyo siyo maana ya kiapo."

Mama akasema, "Basi nenda ukawaambie walioniapisha. Mimi niliapa nilivyoelewa."

Shemeji, sikuwahi kumsikia akilitaja jina lako. Tangu siku ya harusi yenu ambayo hakuja, ulikuwa "yule".

Halafu Kipyego akakohoa na kusema, "Hayo ni yenu. Mimi nataka kujua maji yatatokea wapi kwangu." Watu wakacheka, na kicheko kile kikafungua mkutano. Kipyego amekubali bomba limwagie shambani kwake, mradi tuchimbe mtaro wa kupeleka maji kwa dimbwi la ng'ombe wake. Kiarie akahesabu mikono, na ya kukubali ikazidi. Hakuinua wake, lakini hakuinua ule wa kukataa pia.

Kwa hivyo mwaliko huu si wangu peke yangu. Mama amesema uje kabla ya mvua. Alisema niandike hivyo hivyo, "Mwambie aje kabla ya mvua."

Njambi

*

Voi
14 Desemba 1969

Kwa shemeji Njambi,

Mama yangu ni mzima, na wote waliobaki nyumbani kwetu. Binamu yangu mmoja alijeruhiwa mguu, anapona. Ahsante kwa kuuliza hilo kwanza.

Nilimsomea Nyakio barua yako. Alinisihi nirudie pale alipotajwa, na mimi nikarudia, hata pale nilipotajwa mimi. Kisha akala ugali wote uliokuwa kwenye sahani.

Nimeomba siku za livu kutoka mwisho wa Januari. Nyakio hawezi kusafiri, daktari amekataa. Nitakuja peke yangu. Muwe na mawe ya ukuta, udongo mwekundu wa marram kutoka kwenye yale machimbo, magogo mafupi mazito ya kushindilia, na kamba ndefu. Mlima wa Kiarie tutaujenga.

Ondiek

*

Voi
22 Machi 1970

Kwa shemeji Njambi na Mama,

Naandika kwa ninyi wawili, kwa majina.

Mtoto amezaliwa juzi asubuhi, msichana, na mama yake ni mzima, analala sasa hivi ninapoandika. Benta, ambaye ni wa kwanza, tulimpa jina la mama yangu. Kwenu wa pili huitwa jina la mama wa mama. Kwa hivyo huyu ni Warigia. Nilikuwa na majina mengine ya kwetu tayari, na tutampa moja pia, lakini hilo ndilo alilolilia, maana kwetu mtoto hulia mpaka atajwe jina analolitaka.

Sikuwahi kuwashukuru ipasavyo kwa ile safari, kwa sababu kuna jambo nilishindwa kulisema nikiwa huko. Siku ya kwanza niliyofika, Mama aliniwekea chakula, akavuta kiti, akakaa mbele yangu kunitazama nikila. Hakujua, na mimi sikumwambia, kwamba kwetu mkwe haruhusiwi kula mbele ya mama mkwe wake. Hata kumsogelea ni vigumu, ni heshima kubwa. Nilikaa nikitazama irio ya viazi na mahindi, na nyama, na jasho likinitoka. Akauliza, "Hupendi?" Nikafikiria alichofanya yeye kwenye ule mkutano, jinsi alivyochukua neno gumu akalifanya litoshe watu wake. Nikala. Nilikula yote. Baba yangu angenikaripia, lakini sijutii hata tonge moja.

Na Mzee Kiarie, mpeni salamu zangu. Ile asubuhi alipokuja akachukua gogo akaanza kushindilia upande wa pili wa bomba, zamu yake na zamu yangu, tulifanya kazi mpaka saa sita bila kuongea. Nilipomwambia, "Mzee, tabaka hilo limetosha," alinijibu, "Bado, naona linacheza." Nilipokanyaga, kweli lilikuwa linacheza. Sijawahi kupata mshindiliaji mwenye masikio ya miguu kama yeye.

Udongo wenu sasa umelala. Mvua itaufanya ukae zaidi. Ukibonyea katikati, ongezeni marram, msiogope. Kiwanda nimekiandikia kwamba lori lipite, nami nimetia sahihi yangu. Nimetia kwa sababu naijua ile kazi.

Johnstone

*

Kapseret
3 Mei 1970

Shemeji Johnstone,

Habari za mtoto zilifika sokoni kabla hazijafika nyumbani, maana karani wa posta alinipa bahasha na mimi nikaifungua palepale nikapiga ukelele. Nilipomsomea Mama jina, alisema tu, "Walifanya sawasawa." Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka chai ikapoa. Ile habari ya chakula nilimsomea pia. Alishtuka. Akasema, "Na mimi nikamwongezea."

Mvua imenyesha wiki tatu bila kuchoka. Kijito kimepanda mpaka nusu ya mabomba, maji yanaingia upande huu meusi na kutokea kwa Kipyego yakikimbia, mpaka kwa dimbwi lake, ambalo sasa analiita ziwa. Tuta limebonyea kidogo pale katikati kama ulivyosema. Tuliongeza marram, Kiarie mbele. Sasa wageni wakija anawapeleka kutazama, anasimama juu kabisa, anawaambia, "Wengi wanafikiri kalvati inazikwa. Hapana. Barabara ndiyo inapanda." Mimi namwacha. Anasema vizuri kuliko mimi.

Lori linakuja kila asubuhi. Siku ya kwanza Wanyonyi alisimama tena kabla ya bonde, akashuka, akatembea juu ya tuta kwenda na kurudi, akaruka ruka. Hakumwuliza Kiarie chochote safari hii. Akarudi akawasha gari, akapita na mzigo wa watu wote, mitungi ya Mama Macharia ikiwa mbele kabisa, kwa sababu wanachama walikubaliana iwe hivyo. Hapakuwa na mlio wowote. Hata makofi hatukupiga. Tulisikiliza gari likipanda upande wa pili mpaka likafika njia kuu.

Sasa habari ya mwisho, na ndiyo iliyonifanya niandike kwa haraka, na nitampa mlinzi wa treni ya leo aipeleke mkono kwa mkono, imtangulie mgeni wako. Mama anakuja kwenu. Alikata shauri Jumatatu, na mimi nilipomwambia Voi ni mbali, akaniuliza kama ni mbali kuliko Murang'a, ambako alitoka na kikapu na sisi binti zake wawili kuja kununua shamba asilolijua. Kesho asubuhi atakaa mbele na Wanyonyi kwenye lori la maziwa mpaka Eldoret, halafu treni.

Atafika Jumatano. Hajui Kiswahili kingi, lakini kile anachojua anakitumia chote. Amebeba viazi, ingawa nimemwambia Voi kuna soko, na kuku wawili ambao hawana tiketi. Ukiona mwanamke mfupi anashuka akibishana na karani wa treni, huyo ndiye mama mkwe wako. Mpokee kuku kwanza, ndipo umsalimie, maana mikono yake itakuwa imejaa na atataka kumshika mtoto.

Njambi